Maswali ya Wasomaji: Ekskaveta Ndogo na Kazi ya Kung'oa Vichaka na Visiki

Barua nyingi zilizotufikia kwa ajili ya safu hii zinazungumzia tatizo linalofanana: shamba limevamiwa na vichaka au limejaa visiki, nguvu za panga, shoka na jembe zimefika kikomo, na mwenye shamba anajiuliza kama ekskaveta ndogo, yaani mashine ya kuchimba yenye mkono na ndoo, itamfaa. Kwa viwango vya kimataifa, ekskaveta huhesabiwa kuwa ndogo ikiwa uzito wake wa kazi hauzidi kilo 6,000. Ndani ya kundi hilo, hata hivyo, mashine zinatofautiana mno, kuanzia ile ya tani 1 inayopita kwenye geti la nyumba hadi ile ya tani 5 na nusu inayohitaji lori kuifikisha shambani. Nimechagua barua ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Nina shamba la ekari 6 karibu na Marigat, Kaunti ya Baringo, ambalo limefungwa kabisa na mathenge. Kila mwaka nawalipa vijana wakate kwa panga, na mvua ikinyesha miti huchipua upya ikiwa na mashina mengi kuliko ya awali. Nimeshauriwa nikodi ekskaveta ndogo. Je, nichukue ya tani ngapi, na miti hii haitarudi tena?

Ndugu msomaji, panga linashindwa kwa sababu uhai wa mathenge, yaani mti wa miiba uitwao Prosopis juliflora, umejificha chini ya udongo. Kwenye shingo ya mzizi, katika sentimita 20 hadi 30 za kwanza kutoka usawa wa ardhi, kuna macho mengi yaliyolala, na shina la juu likikatwa macho hayo huamka na kutoa machipukizi manne au matano mahali palipokuwa na shina moja. Ndiyo maana mti huu, ambao ulipandwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa nia njema ya kuwapatia watu kuni na kuzuia ardhi isigeuke jangwa, ulifikia hatua ya kuwanyima wafugaji malisho, hata watu wa jamii ya Ilchamus wakaishtaki serikali mwaka 2006 na kumfikisha mahakamani mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake matamu. Mwaka 2008 Kenya iliutangaza rasmi kuwa gugu hatari. Mtu anayekodi mashine ili asafishe kinachoonekana juu ya ardhi peke yake atapata nafuu ya mwaka mmoja tu.

Kwa hiyo kagua shingo za mizizi kabla hujauliza bei. Chimba kwa jembe kuzunguka visiki vitano au sita, vikiwemo vile vinene kuliko vyote, uone unene wake chini ya ardhi, maana kisiki kilichokatwa kwa panga miaka mingi huwa na kichwa kinene kuliko shina lolote linaloonekana juu. Kwa uzoefu wangu, mashine ya tani 1.5 hadi 2 hung'oa kwa raha mizizi isiyozidi unene wa kifundo cha mkono wa mtu mzima. Ya tani 3 hadi 4 humudu shingo ya sentimita 15 hadi 20. Na ya tani 5 hadi 6 hufika sentimita 30, mradi mwendeshaji awe na subira ya kukata mizizi ya pembeni kwanza. Kwa mathenge ya miaka mingi kama yako ningekodi ya tani 5, na nisingeshawishika kuchukua ya tani 2 kwa kuwa kodi yake ya siku ni ndogo, kwani mashine inayozidiwa na kisiki hutumia saa nzima mahali ambapo kubwa ingetumia dakika kumi, na mwishowe mkodishaji hukudai siku zote hizo. Hakikisha pia kwamba ina minyororo, iwe ya chuma au ya mpira, badala ya magurudumu ya upepo, kwa sababu miiba ya mathenge hutoboa matairi kila siku ya kazi.

Namna ya kung'oa ndiyo inayoamua matokeo, nami nitaieleza hatua kwa hatua ili uweze kumsimamia mwendeshaji. Aisimamishe mashine ikitazama kisiki, ateremshe bamba la mbele likae imara ardhini, kisha aanze upande wa mbali wa kisiki: meno ya ndoo nyembamba, yenye upana wa sentimita 30 au 40, yashuke wima umbali wa hatua moja kutoka shinani na kuvuta kuelekea kwenye mashine mpaka mizizi ya pembeni ikatike. Arudie hivyo kushoto na kulia. Baada ya hapo ndipo meno yaingizwe chini ya shingo ya mzizi na ndoo ikunjwe taratibu, mpaka usikie mzizi mkuu ukikatika ndani ya ardhi, nawe uone kisiki kimeinuka pamoja na kipande cha mzizi kisichopungua sentimita 30. Kabla hakijawekwa pembeni, kitikiswe hewani mara kadhaa ili udongo urudi shimoni. Mwendeshaji mwenye haraka huanza kwa kulisukuma shina. Shina hukatika usawa wa ardhi, macho yote hubaki chini, na hapo utakuwa umefanya kazi ya panga kwa gharama ya dizeli. Ukiona anafanya hivyo, simamisha kazi mara moja.

Chagua majuma mawili au matatu baada ya mvua, wakati udongo umelainika lakini hautitii, kwani katika ukavu mkali mizizi hukatika juu juu, na katika tope minyororo hukwama.

Kuhusu swali lako la pili, visiki ving'olewavyo hivi havirudi, lakini mbegu zitaota. Mbegu za mathenge hukaa ardhini miaka mingi, na mifugo inayokula maganda huzisambaza kwa kinyesi, kwa hiyo usiwaingize mbuzi waliotoka kula maganda kwa jirani. Baada ya mvua ya kwanza pita ukang'oe miche kwa mkono ikiwa bado laini, urudie misimu inayofuata, na upande mapema nyasi za kufunika ardhi, kama vile Cenchrus ciliaris, ambazo hustahimili ukame wa Baringo. Ekari 6 zilizong'olewa zikaachwa wazi zitakuwa msitu wa mathenge tena, na bora basi ung'oe ekari 2 unazoweza kuzilinda, kisha uendelee mwaka unaofuata.

Niko Handeni, mkoani Tanga. Nimeonyeshwa ekskaveta ya tani 3 na nusu iliyotumika Japani, rangi yake inang'aa na mita inaonyesha saa 2,900. Nataka kuinunua kwa ajili ya kusafisha shamba langu na kufanya kazi za majirani. Nikague nini kabla sijatoa fedha?

Ndugu yangu, rangi hupigwa kwa siku moja na mita hubadilishwa kwa muda mfupi zaidi, kwa hiyo anza na vitu ambavyo haviwezi kudanganya kirahisi. Mwombe muuzaji asiiwashe mashine kabla hujafika. Weka kiganja kwenye kifuniko cha injini. Kama ni ya moto, rudi siku nyingine, kwa sababu injini ya dizeli iliyochoka huwaka vizuri ikiwa imeshapashwa joto na hugoma ikiwa baridi. Ikishawaka, tazama moshi: mweupe unaokoma baada ya dakika chache si tatizo, ila wa buluu unaoendelea unaonyesha kwamba injini inachoma oili. Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inanguruma polepole, na ukiona upepo mwingi unasukuma kutoka ndani, ujue pistoni na ringi zake zimekwisha.

Baada ya injini, elekea kwenye mkono. Simama pembeni, mwambie mwendeshaji aweke ndoo ardhini na kuinua kidogo sehemu ya mbele ya mashine, kisha aishushe, huku wewe ukitazama pini zote za mkono pamoja na nafasi iliyopo kati ya sehemu ya juu inayozunguka na sehemu ya chini yenye minyororo. Pini zikicheza waziwazi, zitatengenezeka kwa gharama ya wastani. Ikiwa ni beringi kubwa ya kuzungukia inayocheza na kugonga, ningeondoka, kwa kuwa matengenezo yake kwenye mashine ya ukubwa huu yanaweza kula sehemu kubwa ya bei ya kuinunulia. Halafu ndoo ijazwe udongo, mkono uinuliwe, injini izimwe, nawe uweke alama ya chaki kwenye fimbo ya silinda. Mkono ukishuka kwa kuonekana ndani ya dakika kumi, mafuta yanapita ndani ya silinda au kwenye vali. Zikague fimbo hizo kwa kupitisha kitambaa laini, kwani mkwaruzo unaonasa uzi wa kitambaa utakata sili mpya kila utakapoibadilisha.

Kwa upande wa chini, mwambie aendeshe mashine mita 30 mbele bila kurekebisha usukani wa minyororo. Ikivutwa upande mmoja, mota ya upande huo inachoka. Meno ya gurudumu linalovuta mnyororo yakiwa yamechongoka na kupinda kama ndoana, andaa fedha za kubadilisha sehemu kadhaa kwa pamoja. Minyororo ya mpira ikiwa na nyufa zinazoonyesha nyaya za chuma ndani, haitamaliza msimu mmoja kwenye shamba la visiki.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau, nami naliona ni kubwa kuliko idadi ya saa kwenye mita. Angalia kama mabomba ya haidroliki ya ziada yamefika hadi mwisho wa mkono, na kama mafuta yanaweza kwenda pande zote mbili. Bila mabomba hayo mashine yako itabaki na ndoo peke yake. Yakiwepo, utaweza kufunga kidole cha kushikia, yaani kile chuma kinachokutana na ndoo na kuyakamata magogo kama gumba linavyokutana na vidole vingine. Katika kazi ya kusafisha shamba, nusu ya muda hutumika kuokota, kutikisa na kupanga vilivyong'olewa, na mashine isiyo na kidole hulazimika kuburuta kila kitu pamoja na udongo wa juu ambao ndio rutuba yako. Kama mabomba hayapo, pata bei ya fundi ya kuyafunga kabla hujapatana na muuzaji. Kiko pia kidole cha kufungwa kwa pini bila haidroliki, ambacho ni cha bei ndogo na humfaa anayeanza.

Mambo mengine ni mafupi. Jaribu mwenyewe vishikio vya kuendeshea, kwa kuwa baadhi ya mashine za zamani za Japani zina mpangilio tofauti na ule uliozoeleka na waendeshaji wengi, na mtu aliyezoea mpangilio mmoja anaweza kumgonga mwenzake akidhani anainua mkono. Linganisha namba ya mashine kwenye kibati na ile iliyo kwenye nyaraka za forodha. Kubota, Yanmar, Komatsu, Hitachi na Takeuchi zote hutengeneza mashine nzuri za ukubwa huu, hivyo kati yake mimi ningechagua ile ambayo filta na sili zake zinapatikana Tanga au Dar es Salaam, na ningeagiza spea kwa namba ya mashine, maana zile zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani wakati mwingine hutofautiana na zilizouzwa kwingineko ingawa jina la modeli linafanana.

Kama majirani hawajakuahidi kazi kwa uthabiti, kodi kwanza msimu mmoja. Fedha inayolala kwenye mashine iliyosimama chini ya mwembe hairudi.

Mimi ni mama ninayemiliki kiwanja na bustani ya minazi Kilifi. Kichaka cha lantana kimepanda hadi kwenye mashina ya minazi. Nimeona kichwa cha kusagia vichaka kinachofungwa kwenye ekskaveta, na fundi ananiambia kitatosha kwa mashine ya tani 1.7. Je, ninunue?

Dada yangu, sikushauri. Ekskaveta ya tani 1.7 hutoa takribani lita 30 za mafuta ya haidroliki kwa dakika, ilhali vichwa vingi vya kusagia vyenye nguvu ya maana vinahitaji lita 60 au zaidi, na kichwa kinachopewa mafuta pungufu huzunguka polepole, huzongwa na matawi na kuichemsha mashine. Kuna sababu ya pili inayohusu pwani yenyewe: ardhi ya Kilifi katika sehemu nyingi ina mawe ya matumbawe yanayochomoza juu, na meno ya kichwa cha kusagia yakigonga jiwe, jiwe hurushwa mbali kwa nguvu ya kuua.

Zaidi ya hayo, lantana iliyosagwa juu huchipua kutoka shinani. Mizizi yake haiendi mbali sana, na mashine ndogo ya tani 1.7 yenye reki ya meno yaliyoachana sentimita 10 hivi huing'oa mzimamzima, ikiacha udongo uanguke katikati ya meno. Acha nafasi ya mita 2 kutoka kwenye kila mnazi uimalizie kwa jembe, kwani mizizi ya mnazi imetanda karibu na uso wa ardhi na hujeruhiwa kirahisi. Ng'ombe wasifike kwenye malundo: lantana ni sumu kwao.

Nipo Njombe. Nimerithi ekari 3 za miwati ya zamani pamoja na mikaratusi kadhaa mirefu, na sehemu ya eneo ni mteremko. Ninaweza kukodi ekskaveta ya tani 5. Je, inaweza kuuangusha mkaratusi wa mita 15 kwa kuusukuma, na ni mteremko wa kiasi gani ambao ni salama?

Ndugu msomaji, jibu la swali la kwanza ni hapana, na naomba ulichukue kwa uzito wote. Mti wa mita 15 una uzito na urefu unaoizidi mashine ya tani 5 kwa mbali. Ukisukumwa, matawi makavu ya juu hukatika kabla ya mti wenyewe kwenda, nayo huanguka kwenye paa la mwendeshaji. Na mizizi ikiachia ghafla, sahani ya mizizi huinuka chini ya minyororo na kuipindua mashine. Mkaratusi mrefu uangushwe na mtu wa msumeno anayejua kazi yake, akiwa amechagua upande wa kuangukia na njia yake ya kukimbilia, huku mashine na watu wote wakiwa umbali usiopungua urefu wa mti mara mbili. Mwambie akate shina kwenye urefu wa mita 1 na nusu hivi kutoka ardhini badala ya kulikata chini kabisa, kwa kuwa kipande hicho kilichosimama ndicho mashine itakachokitumia kama wenzo baada ya kukata mizizi. Ni kweli kwamba unapoteza kipande cha mbao, lakini kwenye visiki vya sentimita 30 utaokoa saa nyingi.

Visiki vinene kuliko hapo visikutie tamaa. Kama kisiki cha mkaratusi kina upana wa sentimita 60, mashine ya tani 5 itakichimbia shimo la kuzikia ng'ombe na bado kitabaki palepale. Viache hivyo, ukate machipukizi yake kila yanapotokea hadi mizizi ichoke, au ukodi mashine kubwa kwa siku moja kwa ajili ya vichache vilivyoko katikati ya shamba.

Kuhusu mteremko, vitabu vya watengenezaji hutoa kipimo kwa kila mashine, na kipimo cha kupanda mlima bila mzigo huwa kikubwa kuliko cha kufanyia kazi. Mimi ninawafundisha waendeshaji wasivuke nyuzi 10 wanapofanya kazi wakiwa wamekaa kiubavu, yaani mwinuko wa karibu mita 1 na robo tatu kwa kila mita 10 za kwenda mbele. Pima kwa kamba, mti wa kunyooshea na pima-maji ya fundi ujenzi, wala usikadirie kwa macho, kwa sababu macho yakishazoea mlima huuona tambarare. Mteremko ukizidi kipimo hicho, minyororo ielekezwe juu na chini ya mteremko, bamba literemshwe, na mkono uliobeba kisiki usizungushwe kamwe kuelekea upande wa bondeni ukiwa umenyooshwa, kwani ekskaveta ndogo ina uthabiti mdogo zaidi mkono unapokuwa ubavuni. Kisiki kibebwe karibu na ardhi na karibu na mashine. Mkanda wa kiti ufungwe muda wote. Mwendeshaji anayeruka nje mashine inapopinduka huangukia upande uleule ambao fremu ya paa inaangukia. Aliyefunga mkanda hubaki ndani ya fremu iliyotengenezwa kumlinda.

Mahali ambapo mteremko ni mkali kuliko uwezo wa mashine, napendelea visiki vya miwati viachwe kabisa ardhini. Mizizi yake inaushika udongo wa Njombe dhidi ya mvua kubwa, na ukiing'oa yote kwa pamoja mwezi wa Novemba, udongo huo utakuwa mtoni kabla ya Aprili.

Naendesha ekskaveta ya tani 3 hapa Kilombero katika kusafisha mashamba. Kila siku mchana inachemka, ingawa maji ya rejeta yamejaa na fundi amebadilisha feni. Tatizo ni nini?

Fungua mlango wa pembeni unaoificha rejeta, si kizibo cha kujazia maji, uangalie katikati ya rejeta na kipoza mafuta ya haidroliki. Katika kazi ya vichaka, feni hunyonya vipande vya majani, nywele za mbegu na vumbi, navyo hujipanga kama zulia kwenye nafasi ambayo haionekani mpaka sehemu hizo mbili zitenganishwe kidogo. Puliza kwa upepo wa kompresa kutoka ndani kwenda nje, injini ikiwa imezimwa na kupoa, wala usitumie maji yenye shinikizo kali yanayokunja mapezi ya rejeta. Kwa mashine ya vichaka kazi hii hufanywa asubuhi na mchana, na wakati mwingine zaidi msimu wa kiangazi. Funga wavu mwembamba mbele ya tundu la hewa, uusafishe kwa mkono kila unapopumzika.

Pamoja na hilo, ondoa majani yanayojikusanya kuzunguka ekzosi na chini ya injini kila jioni. Majani makavu yaliyolowa dizeli kidogo na kukaa karibu na ekzosi ya moto yameteketeza mashine nyingi, na mtungi wa kuzimia moto ufungwe mahali ambapo mwendeshaji anaufikia akiwa amesimama chini. Kagua pia kama kamba za mimea zimejisokota kwenye mota za minyororo, kwani hukata sili na mafuta huvuja bila kuonekana ndani ya tope.

Nina eneo karibu na Mto Ruvu, wilayani Bagamoyo. Je, nikiwa na hati yangu ninaweza kusafisha hadi ukingoni mwa maji?

Hapana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au pwani ya bahari, nayo haibagui mwenye hati na asiye nayo. Kwa wasomaji wa Kenya, kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliweka eneo la hifadhi ya ukingo kuwa kati ya mita 6 na mita 30 kutoka kiwango cha juu kabisa cha maji. Weka vigingi vyenye vitambaa vyekundu kabla mashine haijashuka kwenye lori, kwa sababu mwendeshaji aliyekaa juu ya kiti hawezi kujua mpaka uko wapi, na akishapita hakuna anayeweza kuurudisha mti wa miaka arobaini.

Ukiwa na mninga, mvule au mpingo katika eneo lako, onana na ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania kabla ya kukata. Kama laini ya umeme inapita juu, mkono wa mashine ya tani 5 ukinyooshwa hufika zaidi ya mita 5 juu, kwa hiyo mpangilie mtu wa kumwongoza mwendeshaji, au liache eneo la chini ya nyaya lifyekwe kwa mkono.

Baada ya kung'oa, je, nichome malundo yote palepale? Na mashimo ya visiki niyafanyeje?

Tenga kwanza kinachofaa: miti ya kujengea, kuni na fito. Kinachobaki kipangwe kwa mistari inayofuata kontua, yaani inayokata mteremko kwa usawa mmoja, mizizi ikiwa imetikiswa vizuri, kwa kuwa lundo lenye udongo haliungui hadi ndani, hufuka moshi kwa majuma, na udongo uliomo humo huwa umepotea kwa mazao. Mimi hupendelea mistari hiyo iachwe ioze yenyewe kwenye mashamba yenye mteremko, kwani huzuia maji yasikimbie. Anayelazimika kuchoma apate idhini ya serikali ya kijiji, achague siku isiyo na upepo, na asafishe ardhi tupu pande zote kwa upana wa mita kadhaa.

Mashimo yajazwe siku ileile, kabla mtu au ng'ombe hajavunjika mguu humo. Udongo wa chini utangulie na wa juu umalizie, ukishindiliwa kwa mgongo wa ndoo kila unapofika kina cha sentimita 20 hivi, na sehemu ya mwisho iachwe ikiwa imeinuka kiganja kimoja juu ya usawa wa shamba, maana mvua za mwanzo zitaishusha.